Barua ya wazi kwa kamati ya mbio: Shangazi hahitaji dakika ya kimya

Kwa Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu na Wajumbe wote wa Kamati ya Maandalizi,
Dar es Salaam.

YAH: MBIO ZA MWAKA HUU KUPEWA JINA LA SHANGAZI

Ndugu Mwenyekiti, salaam.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimegoma. Barua ya familia ya marehemu Shangazi ilipokelewa ofisini kwenu, ikagongwa muhuri, na hadi leo haijajibiwa. Ndugu Katibu alituambia tukutane baada ya Idi. Idi imepita. Kwenye kundi la WhatsApp la viongozi wa vikundi vya jogingi niliandika ujumbe mrefu wa heshima, nikarudishiwa kidole gumba. Sasa mabango yenye picha ya Shangazi yamebandikwa kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Sabasaba, na kila anayeyapita anaamini kwamba sisi tuliokuwa naye tumeridhia. Nimeona niseme mbele ya hao hao wanaoyapita.

Jina la mbio zenu silitaji, wala la mjumbe yeyote. Mnajijua, na mimi sitafuti kumwaibisha mtu, natafuta majibu.

Kwa wasiomfahamu, Shangazi alikuwa mama lishe. Alipikia mafundi gereji na makondakta pembeni ya Barabara ya Kilwa kwa miaka mingi, na jogingi aliingia ukubwani, baada ya daktari kumwambia presha imepanda. Wanaozijua jogingi za Temeke wanajua zinavyokwenda: Jumapili alfajiri, filimbi, nyimbo za kuitikiana, mistari miwili miwili, na mtu wa nyuma kabisa mwenye kibendera chekundu akizizuia daladala. Huyo wa nyuma ndiye alikuwa Shangazi. Mbio hakuwa nazo, na hakujifanya anazo. Mtoto aliyetumwa chumvi dukani angeweza kumpita. Lakini kila aliyeishiwa pumzi alijikuta yuko naye, na ukishakuwa na Shangazi hukuwa umeachwa, kwa kuwa kibendera kilikuwa bado nyuma yako.

Vikundi hivi, Ndugu Mwenyekiti, si vya kukimbia tu. Tunachangiana harusi, tunauguzana, tunazikana. Daftari la michango alishika yeye, na hakuna siku shilingi ilipotea. Kwa hiyo mbio kubwa za mjini zilipoanza kuongezeka na ninyi mkaja vikundini kuomba watu wa kujitolea, haikutushangaza kwamba wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yeye. Mlimpa kituo cha maji cha kilomita ya 17. Alikaa hapo tangu mbio zenu za kwanza hadi za mwaka jana.

Mkimbiaji yeyote wa kilomita 21 anaijua ile ya 17. Ndipo walioanza kwa sifa huanza kuomba samahani. Pale walimkuta mwanamke mnene aliyejifunga kanga juu ya fulana ya kamati, ana ndoo, ana vipande vya ndimu na tende, ana dumu la maji aliyochanganya mwenyewe: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Aliwaita watu wazima "mwanangu" na akawaambia wasikae chini. Ukikaa, alikuja kukuinua. Sijui ni wangapi wana medali zenu sebuleni kwa sababu ya mkono ule, mimi nikiwa mmojawapo.

Jambo ambalo wengi hawakulijua, na huenda hata baadhi ya wajumbe wako hawalijui, ni kwamba alikuwa anaandika. Binti yake mkubwa ametupa nakala ya kaunta buku lake. Kila mbio ina ukurasa: maji yameletwa lita ngapi, yameisha saa ngapi, wamepita wangapi baada ya kuisha, nani kaanguka, gari la wagonjwa limefika baada ya muda gani. Kila mbio zilipokwisha aliwaandikia ninyi barua, kwa mkono, akabaki na nakala. Majibu hayamo. Na huyu alikuwa mtu wa kubandika kila karatasi, mpaka risiti za barafu.

Sasa bango lenu linasema kabla ya filimbi ya kuanza kutakuwa na dakika moja ya kimya kwa heshima yake. Ndugu Mwenyekiti, kimya Shangazi alishapewa na kamati hii, na hakikuwa cha dakika moja.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Picha na jina. Mmetangaza mbio za kumuenzi marehemu, mkachapa sura yake kwenye mabango, na tumesikia inakwenda kwenye medali pia, bila kuwauliza wanawe. Walijua kama tulivyojua sisi, kwa kuona ukutani. Picha yenyewe imekatwa kutoka kwenye picha ya harusi ya mwanawe, aliyekuwa pembeni ameondolewa, na palipokuwa na bega la bwana harusi pana nembo ya mdhamini. Arobaini yake ilikuwa haijafika. Kwetu mtu hutajwa jina hadharani baada ya watu wake kukaa na kukubaliana; hata kaswida haisomwi msibani kabla ya kumuuliza mwenye msiba. Kwamba nia ilikuwa njema sina shaka. Lakini nia njema ilikuwa na simu, na namba ya binti yake mnayo, maana ndiyo mliyokuwa mkiipiga mlipotaka Shangazi awatafutie watu wa kujitolea arobaini kwa notisi ya siku mbili.

2. Maji ya wa mwisho. Hili ndilo lililojaa kwenye kaunta buku, na hili ndilo lililomuuma.

Fomu yenu ya usajili inasema mkimbiaji wa kilomita 21 ana muda wa saa tatu na nusu. Analipia muda huo. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinataka maji yawepo mwanzo na mwisho wa mbio, na njiani kila baada ya kilomita 5 hivi. Kwenye karatasi vituo vyenu vinatimiza hayo. Barabarani, mwaka baada ya mwaka, kituo cha kilomita ya 17 kiliishiwa maji wakati nusu ya watu bado wako njiani, na mara mbili gari lenu lilikuja kukusanya meza na mwavuli huku wakimbiaji wakionekana wanakuja.

Shangazi aliwapigia hesabu, na hesabu yake si ya chuo kikuu. Chukulieni wakimbiaji 3,000. Kila mmoja anachukua bilauri mbili za mililita 200, moja anywe, moja ajimwagie, kwa sababu hili ni joto la Dar na hakuna asiyejimwagia. Hizo ni lita 1,200 kwa kituo kimoja, sawa na madumu 60 ya lita 20. Mlileta chini ya nusu ya hayo. Wa mbele, ambao wangeweza kufika hata kwa bilauri moja, walichukua tatu. Wa nyuma wakakuta ndoo zimepinduliwa. Ndipo akaanza mtindo wake wa kuficha madumu kumi chini ya meza na kuyafunika kanga. Mjumbe wenu mmoja aliwahi kumgombeza mbele ya watoto kwamba anahodhi maji ya mdhamini. Kwenye kaunta buku siku hiyo ameandika tu: "Nimeambiwa mchoyo. Wa mwisho kapita saa tatu na dakika ishirini, kanywa."

Niongeze la kwangu hapa. Kila mwaka mshereheshaji wenu, akiwa jukwaani anasubiri kugawa zawadi, humsimulia John Stephen Akhwari. Ni haki yake, na sisi sote tunapenda kusikia: marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968, Mtanzania ameanguka, goti limeumia, limefungwa bandeji, amechechemea hadi uwanjani giza limeingia, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kumaliza wa kwanza. Walianza watu 75, wakamaliza 57, na wa 57 ni wetu. Nchi hii iliwahi kushika rekodi ya dunia kwa miguu ya Filbert Bayi, mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, ina ushindi wa Juma Ikangaa kwenye marathoni ya New York mwaka 1989, na bado anayesimuliwa kwa watoto ni yule aliyemaliza wa mwisho. Basi naomba mshereheshaji aelezwe kwamba wakati anaisimulia hadithi hiyo kwenye kipaza sauti, kilomita nne kutoka hapo kuna mama wa watoto watatu anakimbia na goti lake bovu, na meza ya maji imeshapakiwa kwenye Fuso.

Na watu hawa wanaongezeka. Tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 2025, akimshinda Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde, vikundini kwetu kila Jumapili kuna sura mpya. Hawa si akina Simbu. Ni watu wa saa tatu na zaidi, wenye viatu vya mtumba na moyo mpya, na ndio wanaokaa juani muda mrefu kuliko wote.

3. Mgeni rasmi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye mbio zenu mgeni akija mwenyeji huzirai.

Ratiba inasema filimbi saa kumi na mbili kamili asubuhi, na iliwekwa hivyo kwa akili. Alfajiri ya pwani ina unyevu mwingi, lakini jua bado halijapanda. Mwaka jana tulipangwa mstarini saa kumi na moja na nusu, tukapashwa misuli, tukapoa, tukapashwa tena. Mgeni rasmi aliingia saa moja kasoro, zikafuata hotuba tatu na utambulisho wa meza kuu, na filimbi ikalia saa moja na dakika kumi. Sasa tazameni hesabu. Kibali chenu cha kufunga barabara kinaisha saa nne. Mkimbiaji aliyeahidiwa muda wa saa tatu na nusu, akianza saa kumi na mbili, muda wake unaisha saa tatu na nusu asubuhi na barabara bado ni yake. Akianza saa moja na dakika kumi, unaisha saa nne na dakika arobaini. Hizo dakika arobaini anakimbia kati ya daladala na bodaboda. Kila dakika anayosubiriwa mgeni inakatwa kwa mtu mmoja tu, naye ni yule wa nyuma. Wa mbele hawaguswi.

Na jua nalo linahesabu. Mwaka jana kijana alianguka mita chache kabla ya kituo cha Shangazi, mwili unawaka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mtu aliyepatwa na kiharusi cha joto, joto la mwili limepita nyuzi 40, hupozwa kwanza pale pale alipo, kwa maji ya barafu na mataulo yaliyolowa, ndipo apelekwe hospitali. Nusu saa ya kwanza ndiyo yenye kazi. Barafu ile haikutoka kwenu. Shangazi aliikusanya Jumamosi usiku kwenye majokofu ya majirani, mifuko mifuko, akaileta kwenye bajaji aliyoilipia mwenyewe. Kijana yupo, anaendelea na masomo. Kamati ilipotoa taarifa ya mbio iliandika kwamba hapakuwa na tukio lolote la kiafya.

4. Mabango ya kilomita. Mbio za kilomita 10 na za 21 zinatumia barabara moja kwa sehemu, na mabango yote mnayachapa rangi moja. Zaidi ya hapo, bango la 17 huhamishwa likiangukia mbele ya hema la mdhamini. Mtasema ni jambo dogo, mkimbiaji hatapotea. Lakini siku ile ya kijana niliyemtaja, Shangazi alipiga simu akasema "tupo kilomita ya 17", na gari la wagonjwa likaenda kusimama kwenye bango, ambalo lilikuwa ng'ambo ya makutano, kijana hayupo. Upimaji sahihi wa njia si siri: baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu, inayolinganishwa kwanza na kipande cha barabara kilichopimwa kwa futi ya chuma, inafuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kupita, na mwisho inaongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa pungufu. Wapo Watanzania wanaoijua kazi hii. Bango likishawekwa kwa kipimo hicho, hema ndilo lisogee.

5. Wanaojitolea. Kituo kinafunguliwa saa tisa usiku. Saa tisa usiku hakuna daladala. Wasichana wa kidato cha tatu na cha nne wanatembea gizani au wanapanda bodaboda kwa hela ya mama zao ili kuja kuwahudumia watu waliolipa kiingilio. Wakifika hakuna choo. Vyoo vya kukodi vyote vipo kwenye uwanja wa kuanzia, karibu na jukwaa. Kwa miaka yote Shangazi alikuwa akienda Ijumaa kubisha hodi kwa mwenye nyumba mmoja jirani na kituo, kumwombea choo, na akimpelekea kilo ya sukari kama shukrani. Chakula huja saa saba mchana, kikija. Reflekta zinahesabiwa na kurudishwa, na mtoto aliyepoteza ya kwake amewahi kutishiwa kuilipa. Vyeti mlivyoahidi shuleni havijawahi kufika. Mwalimu mmoja bado ananiuliza nikikutana naye sokoni. Baada ya yote hayo, chupa na bilauri zilizobaki barabarani aliziokota nani? Akiwa na umri ule, Shangazi alibaki na fagio hadi adhuhuri, kwa sababu alijua takataka zile zisipoondolewa zinaingia mtaroni, na masika ikija ni sisi wa bondeni tunaotekwa na maji.

Kujitolea maana yake mtu ametoa nguvu zake bure. Haina maana kwamba atoe na nauli, na barafu, na choo.

6. Hisani. Mbio zinaitwa za hisani. Hesabu za miaka mitatu iliyopita hazijabandikwa popote. Sina zaidi ya kusema hapo.

Ndugu Mwenyekiti, majibu yenu tumeshayasikia vikaoni, kwa hiyo nisubiri nini. Niyajibu hapa hapa.

Mtasema bajeti ni finyu. Inawezekana. Lakini bajeti hiyo hiyo imetosha jukwaa lenye taa asubuhi kweupe, fataki na msanii. Madumu 60 ya maji ya bomba yaliyochemshwa na kupozwa ni kazi ya mama lishe watatu na kuni. Tumewahi kuwaambia mtupe ndoo tu, maji tutatafuta.

Mtasema mdhamini ndiye anayepanga mgeni rasmi na saa ya kufika. Basi mwambieni mdhamini ukweli: mgeni anaweza kugawa medali. Mwisho wa mbio ndiko kwenye picha nzuri, na anaweza kuja saa mbili akiwa ameshakunywa chai yake. Hakuna mgeni, hata awe mkubwa kiasi gani, aliyewahi kudai watu 3,000 wamsubiri juani. Wanaodai hivyo ni wanaotaka aone kwamba alisubiriwa.

Mtasema Shangazi mwenyewe hakulalamika, alikuwa mtu wa kucheka. Kucheka alicheka. Aliwakaribisha uji, akawatania, akawaita wanangu, kisha akaenda nyumbani akaandika. Heshima yake kwenu ilikuwa kutowasema mbele ya watu. Mliichukua heshima hiyo kama ridhaa.

Mtasema pia, na hili limeshaanza kusemwa pembeni, kwamba familia inataka fedha na sisi tunawatumia. Familia haijaomba hata senti. Hata ule ubani mlioahidi msibani mbele ya shehe hawajauuliza, nami nimekatazwa kuuulizia, kwa hiyo siuulizii.

Tunachoomba ni hiki. Kwanza, mabango yenye picha yake yaondolewe na medali isichapwe mpaka mkae na wanawe na mpate kauli yao kwa maandishi, wakikataa, mkubali. Pili, vituo vyote vya maji vibaki wazi hadi muda wa saa tatu na nusu utimie tangu filimbi, na kila kituo kitenge sehemu ya tano ya maji yake kwa ajili ya wanaokuja baada ya saa mbili na nusu. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyaficha chini ya meza, safari hii yawe juu ya meza kwa kibali chenu. Tatu, filimbi ilie saa kumi na mbili kamili, mgeni awepo asiwepo. Nne, barafu na mtu aliyefundishwa kumpoza mgonjwa wa joto viwepo kuanzia kilomita ya 15 kwenda mbele, na njia ipimwe upya. Tano, wanaojitolea wapewe usafiri wa usiku, choo, kifungua kinywa na vyeti vyao, vikiwemo vya zamani. Sita, hesabu za hisani zibandikwe.

Mkiyafanya hayo, iteni mbio jina lolote. Hata msipomtaja, watakaofika kilomita ya 17 wakakuta maji watajua ni ya nani.

Tunaomba jibu la maandishi kabla dirisha la usajili halijafungwa. Lisipokuja, vikundi vilivyosaini nyuma ya barua hii havitatoa mtu hata mmoja kwa ajili ya kamati mwaka huu. Wakimbiaji hatutawaacha, kwa sababu wao hawana kosa: tutakuwa kilomita ya 17, ile ya kweli, nje ya mpangilio wenu, kwenye kibaraza cha yule mwenye nyumba ambaye amekubali bila hata ya kilo ya sukari. Madumu tumeshaanza kuyakusanya. Zamu ya kibendera chekundu ameiomba binti yake, na tutaondoka hapo atakapopita mtu wa mwisho, iwe barabara imefunguliwa au haijafunguliwa.

Wako katika michezo,

Mshika ndoo wa pili, kituo cha kilomita ya 17,
kwa niaba ya vikundi vya jogingi vya Barabara ya Kilwa,
Temeke, Dar es Salaam.

Nakala: Familia ya marehemu.
Ofisi ya Serikali ya Mtaa.
Wadhamini wote wa mbio, kwa sababu sina hakika kama waliwahi kuonyeshwa barua za Shangazi. Nakala zake nimeambatanisha.